Mama Mwiko Achagua Siku

Jina la Mama Mwiko alipewa na watoto wa shule ya msingi alikokuwa akipika. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya masufuria ambayo ungeweza kumwogeshea ndama, na hakuwahi kuomba ruhusa hata ya siku mbili. Kisha yakaja maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia. Daktari akampima, akamwambia ana mawe kwenye mfuko wa nyongo na lazima apasuliwe.

Mara tatu alifungasha nguo, akamwachia mtunza bustani jiko, akaenda hospitali kungoja kitanda. Mara tatu alishinda kwenye benchi na kuambiwa, "Vimejaa, mama. Jaribu wiki ijayo." Safari ya tatu aliporudi alikuta maharage yameungua, walimu wanakohoa mpaka ofisini.

"Basi nitazikwa na mawe yangu," alimwambia mumewe.

Maumivu hayakumpa nafasi ya kususa. Akaenda tena, shingo upande. Muuguzi wa mapokezi akamgeuzia kalenda.

"Siku hizi hamji kubahatisha, mama. Unachagua siku, tunakuwekea kitanda. Unataka lini?"

Mama Mwiko aliinamia kalenda. Tangu azaliwe, hakuna ofisi iliyowahi kumuuliza anataka lini.

"Shule ikifungwa," alisema kwa sauti ndogo. "Ile Jumanne ya kwanza."

Mumewe aliposikia alicheka. "Ahadi za hao? Hizo ni ndoto za mchana, mke wangu."

Hata hivyo, kwa kuwa siku ilijulikana, dada yake aliomba likizo mapema ili aje kumuuguza. Na Jumatatu simu ikalia. Ni muuguzi yuleyule, akimkumbusha kesho asile kitu.

Jumanne saa mbili asubuhi yeye na mumewe waliingia wodini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka limenyooka, na kwenye kikaratasi limeandikwa jina lake kamili, lile ambalo hata mumewe hulisahau. Mama Mwiko akakaa ukingoni, machozi yakamtoka.

"Unaogopa?" mumewe akauliza.

"Wala. Mwili umekuwa mwepesi tu, kama niliyetuliwa mzigo."

Mume akakuna kichwa. "Haya, leo wamenishinda."

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya tatu alirudi nyumbani, na shule ilikuwa bado wiki tatu kufunguliwa. Akajilaza chumbani, akisikia dada yake akigonganisha vyombo jikoni, na wala hakuinuka kwenda kuonja chumvi.