Aliyegonga Lori kwa Mpini wa Jembe

Jumapili tulipanda lori Temeke kwenda kulima shamba la ujamaa huko Kibamba. Kwenye usukani alikaa dada anayejifunza udereva. Pembeni yake alikaa mwalimu, dereva wa siku nyingi. Kila dada alipobadili gia ilikwaruza, sie tuliokuwa nyuma tukauma meno. Bibi mmoja akagonga kichwa cha lori kwa mpini wa jembe.

"Nishusheni mie! Nimekuja kulima, sikuja kufa!"

Mlimani lori likaanza kuchoka. Tukamsikia mwalimu: "Klachi, toa gia. Achia, tia mafuta kidogo. Klachi tena, ingiza!"

Gia ikaingia kimya, lori likapanda. Bibi akautazama mpini wake, akaulaza miguuni.

Jioni, wakati wa kurudi, mwalimu akakamata usukani mwenyewe. Mpini ukagonga tena.

"Mwanangu, hebu sogea huko! Mwachie mwenzio amalize kazi yake."

Mwalimu akacheka, akasogea. Gia ya kwanza ikakwaruza vibaya.

"Itaingia tu," bibi akasema, akajiegemeza.

Nawajua wakubwa kadhaa wa maofisini wanaostahili kugongewa mpini ule.