Saa ya Jua ya Baba Sauda

Mtaje Adam kwa watu wa machimbo ya Kwa Maganga, watakwambia mtu yule ana miguu myepesi. Si mwepesi wa kukimbia, la, mwepesi wa kuhama. Alitoka kwao Kondoa angali kijana wa ndevu mbili tatu, akaingia Geita na begi moja, na tangu hapo kila ilipotangazwa rashi, yaani dhahabu imeonekana mahali na watu wanamiminika, Adam alikuwa kwenye lori la kwanza. Na tuseme ukweli wote: mara nyingine hakufuata hata hiyo dhahabu. Alikuwa anakimbia aibu. Akikosea jambo mbele za watu, akichekwa kidogo, basi, anafunga mizigo. Aibu kwake ilikuwa kama mbu, hakuweza kulala nayo chumba kimoja.

Mkewe, Mama Sauda, binti wa Ushetu aliyekulia kwenye mashamba ya tumbaku, alimfuata kote huko na masufuria yake. Walipofika Kwa Maganga, kutoka Masumbwe ni nauli ndogo tu ya bodaboda, alijijengea jiko la matofali ya kuchoma kwa mikono yake mwenyewe, akalisiliba kwa udongo mwekundu, kisha akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Baba Sauda," akasema, "nimekufuata vya kutosha. Hapa ndipo. Siku miguu ikikuwasha tena, nenda salama. Mimi narudi kwa mama yangu, Ushetu, na usinitume mtu."

Hakupiga kelele wala hakulia. Hicho ndicho kilichomtia Adam hofu.

Na kwa haki alijitahidi. Aliacha kushuka duarani, yaani shimoni, akawa muoshaji pale mwaloni, panapooshewa dhahabu. Kazi yenyewe ni hii: mawe yakishasagwa, unga wake unaoshwa kwenye karai, maji yanachukua takataka, chini unabaki mchanga mweusi uliokumbatiana na dhahabu. Mchanga ule ni chuma. Muoshaji anapitisha sumaku juu yake, chuma kinaruka na kuganda kwenye sumaku, dhahabu inabaki peke yake. Sumaku ya Adam ilitolewa kwenye spika ya redio iliyokufa. Aliivika mfuko wa nailoni akaitia mfuko wa shati, na humo ilishinda kutwa nzima, hata Ijumaa, hata msibani.

Sasa, hiyo saa. Siku moja alikwenda Kahama kununua mkanda wa mashine ya kuvutia maji. Akarudi na mkanda, na mkononi ana saa nyeusi kubwa, nene, yenye vitufe kila upande.

"Hiyo nini?" Mama Sauda akauliza.

"Saa. Inakula jua. Ina dira, inapima joto, inajua hata mvua ikikaribia."

"Na inapika?"

Adam akajifanya hakusikia. Alikwenda moja kwa moja kwa Davis, fundi simu wa pale machimboni, kijana mwenye heshima na maneno mengi.

"Shikamoo, Baba Sauda."

"Marahaba. Hebu niwashie hii. Tangu Kahama kioo kimelala."

Davis akaigeuza, akaitazama ubavuni, akaitazama mgongoni, akitafuta tundu la chaja. Wapi! Alikuwa karibu kuifungua kwa bisibisi, na Adam karibu kumkaba, ndipo kile kikaratasi cha maelezo kilipowaonyesha picha ya jua. Kumbe ilikuwa na njaa tu. Imekaa mno gizani ndani ya boksi dukani. Wakaianika juu ya bati, kioo kikitazama mbinguni. Kuku wa jirani alipoanza kuinyemelea, Adam akamwita mkewe akae karibu na kijiti.

"Jamani! Nimechunga ng'ombe, nimechunga mbuzi," Mama Sauda akalalama, "leo nachunga saa."

Adhuhuri ikaamka, namba zikawakawaka. Davis akapanga saa na tarehe kwa kuangalia simu yake. Hapo palizuka ubishi, maana Adam alitaka saa nane isomeke nane, na Davis akasema chombo hiki kinajua hesabu ya kizungu tu, mchana huu kitaandika mbili, utazoea mzee wangu. Wakabonyeza kitufe kingine, saa ikasema pale walipo ni zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari.

"Ndiyo maana napata kizunguzungu," Mama Sauda akasema, na safari hii Adam naye akacheka.

Ikabaki dira. Kikaratasi kilionya: kabla ya kuirekebisha, kaa mbali na vyuma. Adam si mtu wa kupuuza maelezo. Akatoka hadi uwanjani, akavua mkanda wa suruali wenye kifungo cha chuma, akampa Davis funguo na simu, akamfukuza aende kule mbali. Akabonyeza kitufe, akaizungusha saa taratibu karibu na kifua chake, kama mtu anayebembeleza mtoto. Saa ikakubali. Na ile sumaku ya spika imetulia mfukoni mwa shati! Usimcheke haraka. Wewe ukiambiwa utoe vyuma vyote, utakumbuka kung'oa jino la bandia? Sumaku kwa muoshaji haikuwa kitu alichobeba, ilikuwa sehemu ya mwili wake.

Wakati huohuo Waislamu wa Kwa Maganga, waliokuwa wakisali chini ya turubai tangu machimbo yaanze, walikuwa wamechanga tofali za msikiti. Msikiti wa tofali! Mchimbaji yeyote anajua maana yake: turubai linakunjwa na kupakiwa kwenye lori, tofali hazikunjwi. Mama Sauda alichota maji ya kufyatulia tofali zile kwa furaha ambayo mumewe hakuwahi kuiona. Ikabaki kupata kibla sawasawa. Simu za watu, zile za bei poa, dira zake ziliganda kama zimechorwa. Imamu Maulidi, mzee mpole mwenye kikohozi, akamgeukia Adam.

"Wewe ndiye mwenye chombo. Tuelekeze."

Adam hakuwahi kuambiwa neno kama lile maishani mwake. Akasimama katikati ya kiwanja, akanyoosha mkono, akasoma nyuzi, akaonyesha. Athanas, fundi mwashi, Mkatoliki wa Kolandoto aliyepewa kazi ya msingi, akapiga mambo, vile vigingi vya kupimia, akavuta kamba, vijana wakachimba. Wapo walionong'ona kwamba mbona imepinda mno, turubai lilitazama kwingine. Adam akawajibu kwa sauti ya mtu mwenye chombo kwamba turubai lilikosea, na kuanzia siku ile sala zikafuata kamba yake.

Msingi ukaisha kuchimbwa. Katikati ya mwezi wa saba sheikh mmoja akampigia simu imamu kutoka Kahama. Akamwambia kwamba kesho na keshokutwa, saa sita na dakika ishirini na saba mchana, jua litasimama juu ya Kaaba kabisa, na saa ya Makka na yetu ni moja. Simamisheni mti wima, akasema, mtazame kivuli. Jua liliko ndiko kibla kiliko. Imamu akafurahi, akatangaza watu waje washuhudie msingi wao ulivyo sawa.

Wakaja, Waislamu na Wakristo, na kinamama wa mwaloni na makarai yao. Athanas akasimamisha mti kwa timazi. Adam akashika saa yake, akahesabu kwa sauti, dakika ikafika, akasema, "Sasa!"

Kivuli kikaukata msingi mshazari.

Watu wakasogea. Wakatazama kivuli, wakatazama mtaro, wakamtazama Adam. Athanas akavua kofia.

"Gashinaga!" akasema, yaani kumbe, kwa Kisukuma chake. "Msingi wenu nimeuchimba unaelekea Musoma."

Kicheko kilipasuka pale usipime. Imamu akainua mkono. "Polepole, jamaa. Huenda mti uliinama, huenda dakika ilitupita. Kesho jua litarudi palepale, nasi tutarudi." Adam akasema saa yake haidanganyi.

Alikwenda mwaloni kupoza kichwa kwa kazi. Akainama kwenye karai, akatoa sumaku mfukoni, akaipitisha juu ya mchanga mweusi. Dira ilikuwa bado wazi kwenye kioo cha saa. Akaona alama ya kaskazini inayumba. Akasogeza sumaku kushoto, ikaifuata. Akairudisha kulia, nayo ikarudi. Adam akakaa chini kwenye matope, mzima mzima, na suruali yake ya kutokea. Hakuna aliyejua ila yeye. Angeweza kusema saa ni feki, na kila mtu angemwamini, maana nani hajauziwa feki? Lakini kila akifikiria kesho, uwanja ule, macho yale, miguu ilimwasha. Na kama vile shetani alikuwa na ratiba, akapita dereva mmoja akipiga kelele kwamba upande wa Nyang'hwale kuna rashi, lori linaondoka kesho kabla ya adhuhuri.

Jua lilikuwa bado halijazama Mama Sauda alipomkuta anapakia shati kwenye begi. Alikwenda kwenye kamba ya nguo, akaanua khanga zake, akaketi kitandani, akaanza kukunja, moja baada ya nyingine. Zake peke yake.

Adam akaziangalia zile khanga zikipangwa. Akashindwa.

"Ni sumaku," akasema.

"Sumaku gani?"

"Hii. Ilikuwa mfukoni. Siku ya kurekebisha dira, siku ya kupima, zote. Mimi ndiye niliyewapeleka Musoma, Mama Sauda. Nimewachimbisha watu bure."

Mama Sauda akaipokea ile sumaku, akaigeuzageuza kwenye kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini kinywa kilianza kumcheza.

"Kwa hiyo mimi na wewe," akasema, "baada ya miaka yote hii, tunaachana kwa ajili ya spika ya redio?"

Adam akajaribu kujibu, kicheko kikamtoka badala ya jibu, na nyuma ya kicheko machozi. Akalia kama mtoto, na mkewe akamwacha alie.

Kesho yake lori lilipiga honi mpaka likachoka. Adam alikuwa uwanjani kabla ya wengine. Watu walipokusanyika akatoka mbele, akaomba radhi, akatoa sumaku, akaisogeza karibu na saa ili kila mtu aone dira inavyorukwa na akili.

"Mti haukuinama," akasema. "Dakika haikupita. Nilikosea mimi. Mtaro nitaufukia mimi na mpya nitauchimba mimi, hata kama ni peke yangu."

Wakacheka, naam, na waliocheka zaidi ni kinamama wa mwaloni, huku kila mmoja akijipapasa kifuani na kugusa sumaku yake. "Hata mimi ningefanya hivyohivyo!" akasema mmoja, akijishika mbavu. Adam alisimama ndani ya kicheko kile akisubiri kimmalize. Hakikummaliza. Alishangaa sana.

Kisha akaivua saa, akampa kijana mmoja sumaku aende nayo mbali, akaitazama dakika kwa macho yote mawili. "Sasa!" Kivuli kikalala palepale kilipolala jana. Athanas akavuta kamba juu yake, akapiga mambo upya. Wachimbaji hawakungoja kuombwa. Kuchimba ndiyo lugha yao. Alasiri mtaro mpya ulishajulikana, na hakuna aliyemwacha Adam peke yake.

Imamu akamvuta pembeni. "Sala tulizosali kwa kudhani tuko sawa, Mola anazijua," akasema. "Ila nina shida nyingine. Kifua changu hiki kinanishinda. Nataka wewe uwe muadhini."

Adam akadhani anataniwa. "Mimi? Baada ya jana?"

"Baada ya leo. Mtu anayesimama mbele ya watu akasema nimekosea, huyo akituambia wakati wa sala umefika nitamwamini. Lakini ujue, muadhini hahami hami."

"Sihami," Adam akasema, na neno lenyewe likamshtua lilivyotoka rahisi.

Davis akaja mbio kupanga kengele kwenye saa. Wakabonyeza, wakahesabu nafasi zilizomo: tano kamili, si pungufu si zaidi. Davis, mtoto wa mzee wa kanisa, akashangaa kuliko wote.

Magharibi ya siku ile msikiti ulikuwa mtaro na kamba tu. Saa ikalia. Adam akapanda juu ya kifusi cha mchanga, akaweka mikono masikioni, akaadhini kwa mara ya kwanza, sauti ikikwaruza mwanzoni, kisha ikafunguka na kupita juu ya mabati yote ya Kwa Maganga. Mama Sauda alikuwa jikoni kwake anasonga ugali. Akasimamisha mwiko, akasikiliza mpaka mwisho, akalia, na jirani alipomuuliza kulikoni hakusingizia moshi.