Mafuta Yaliyozama Chini

Ukifika Iyula ukamwulizia Yonathani Nzunda, watu watakuuliza kwanza kama unamtaka yule wa besi. Kwaya ya Kimoraviani ikiimba, hata anayepita barabarani na gunia lake la kahawa huitambua sauti yake katikati ya wengine. Ni mtu mrefu, mzito, mpole kupita kiasi. Akimkanyaga kuku kwa bahati mbaya, humwomba radhi. Mkewe, Ruti, ni mfupi na ulimi wake mwepesi, na tangu waoane yeye ndiye anayegombana na watu kwa niaba ya wote wawili.

Ujanani Yonathani alipakia mizigo kwenye malori mpakani Tunduma. Mgongo ulipochoka, akapata kazi Mlowo, katika kiwanda kidogo cha alizeti cha Mama Restuta, mjane aliyeanza na mashine moja tu ya kukamua. Aliipenda kazi ile. Alipenda kuingiza mkono ndani ya mbegu kavu, na kuona jinsi mafuta yanavyoanza kwa matone ya uvivu kabla ya kutiririka.

Lakini mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, huwa bado yana mafuta ndani. Mama Restuta aliumia kuyaona yakienda hivyo hivyo kwa ng'ombe. Akafunga mtambo wa pili, uliokwisha kutumika kwingine: mashudu yanalowekwa kwenye kimiminika kitokanacho na petroli, kinayayeyusha mafuta yaliyosalia, kisha kinapashwa moto kiruke kiwe mvuke, mafuta yabaki. Wafanyakazi walikiita "dawa". Viungo vya mtambo vilivuja, chumba kilikuwa na dirisha moja, na aliyekaa nao kutwa alikuwa Yonathani. Mwanzoni harufu ilimsumbua. Baadaye hakuisikia tena. Ruti ndiye aliyeisikia.

"Baba Shadrack," alimwambia, "siku hizi unanukia lori."

Vidole vya miguu vilitangulia kufa ganzi. Yonathani akadhani ni baridi. Jioni moja alifika nyumbani na kandambili mguu mmoja tu. Ruti alimcheka mpaka akashika ukuta, kisha wakatoka pamoja kwenda kuitafuta. Waliikuta mbali, karibu na barabara ya lami, na hapo kicheko kilimwisha.

"Umetembea peku toka huku? Kwenye changarawe zote hizi? Hukusikia?"

"Sikusikia, mama."

Ruti alipiga magoti palepale, akamvalisha ile kandambili kama mtu anayemvalisha mtoto.

Baada ya miguu ikafuata mikono. Vifungo vya shati vikamshinda, na Ruti akawa anamfunga yeye kila asubuhi huku akimtania kwamba ameolewa upya na bwana harusi asiyejua kuvaa. Yonathani alicheka ili amfurahishe. Ndani alikuwa na hofu. Kwaya walipoinuka na kuyumba pamoja, yeye alishikilia benchi.

Daktari wa hospitali ya misheni alimgonga magoti kwa kinyundo, akamchoma nyayo kwa sindano, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: unafanya kazi gani, na mnatumia nini? Alipojibiwa, aliweka kalamu chini.

"Ule mvuke unaua mishipa ya fahamu, mzee wangu. Usirudi kwenye chumba kile, hata kesho. Ukikaa nao mbali, sehemu kubwa itarudi. Lakini polepole, na itauma ikirudi."

Ruti alikwenda Mlowo siku hiyohiyo, amejifunga kanga kiunoni, tayari kwa vita. Vita haikuwepo. Mama Restuta alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa juu ya gunia la alizeti na kufunika uso.

"Nimekaa na huyu mtu kama ndugu yangu," alisema. "Nikamweka mimi mwenyewe mule ndani."

Akainuka, akaenda kuuzima mtambo kwa mkono wake. Yonathani akahamishiwa kwenye mizani, nje, penye upepo. Ruti aliyekuja kugombana akajikuta anampikia chai mwenye kiwanda.

Mama Restuta hakukata tamaa na mashudu yake. Alimwita mhandisi mmoja kutoka Mbeya, dada aitwaye Witness, akamweleza yote. Witness akasema ipo njia nyingine: spiriti kali inayotokana na molasi ya miwa. Ikipashwa joto, nayo huyeyusha mafuta, na ikipoa huyaachia.

"Ile ya kunywa?" Yonathani aliuliza.

"Kali kuliko ya kunywa, baba. Na inawaka. Kwa hiyo hakuna moto humu ndani, tutapasha kwa maji ya moto, viungo vyote vipya, na ukuta huu tunaubomoa hewa ipite."

Jaribio la kwanza halikutoa kitu. Mashudu yalikuwa na unyevu, na maji kidogo tu yakiingia kwenye spiriti, mafuta hayakubali kuyeyuka. Witness alikiri kwamba alikuwa na haraka. Wakaanika mashudu juani kwenye maturubai, wakaagiza mapipa mawili ya spiriti nyingine yenye nguvu zaidi.

Mapipa hayo ndiyo yaliyoleta maneno. Iyula nzima ikasikia kwamba yule wa besi sasa yuko kwenye pombe. Mzee wa kanisa, Ombeni, akaja nyumbani kwao na Biblia kwapani, akakalishwa, akakohoa.

"Yonathani, tumesikia habari za mapipa."

Yonathani akafungua mdomo, lakini mkewe alishatangulia.

"Ni kweli, mzee. Mapipa mawili. Wanayanywesha mashudu."

"Mashudu?"

"Ndiyo. Yakishalewa yanatapika mafuta."

Mzee Ombeni alimtazama Ruti, akamtazama Yonathani aliyekuwa anajiuma midomo, kisha akacheka hadi miwani ikamtoka. Alielezwa vizuri, akaomba dua kwa ajili ya miguu ya Yonathani, akaondoka na mahindi ya kuchoma mkononi.

Jaribio la pili lilifanyika mwezi wa saba, baridi ya Mbozi ikiwa kali. Ile spiriti ya moto iliyopita kwenye mashudu ilimiminwa ndani ya tangi lenye koki chini, ikafunikwa na kuachwa ipoe. Asubuhi Yonathani aliomba awepo. Tangi lilikuwa uani, kwa hiyo Ruti alimruhusu. Walipofunua, aliinama kutazama juu, maana maisha yake yote alikuwa ameona mafuta yakielea. Juu hapakuwa na kitu.

"Pole, mama," alimwambia Mama Restuta taratibu. "Hakuna."

Witness alikinga jagi, akafungua koki. Yakatoka mafuta, mazito, ya manjano, yakaendelea kutoka.

"Kwenye maji yanaelea, baba. Kwenye spiriti ndiyo yanazama."

Yonathani aliangua kicheko kwa ile besi yake, na wapakiaji waliokuwa barabarani wakageuka. Mama Restuta alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, ameshika jagi kwa mikono miwili. Juu ilibaki ile spiriti, wakaikusanya ili itumike tena.

Miguu ilirudi kama daktari alivyosema, kwa maumivu ya kuchomachoma yaliyomfanya ashindwe kulala, na Ruti akiikandakanda huku akisema kila anapolalamika, "Lalamika, baba, lalamika, nifurahi." Vidole viwili vya mguu wa kushoto havijarudi mpaka leo. Vingine viko.

Siku hizi Yonathani ndiye msimamizi wa mtambo wa spiriti, na asiyefungua milango kabla ya kuuwasha hukaripiwa naye, mpole yule. Juzi alipeleka madumu Tunduma pamoja na Ruti. Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mteja mpya, alifungua kifuniko, akanusa, akauliza kwa Kiswahili chake cha mpakani kama ni kweli mafuta haya yametoka kwenye pombe, na kama chapati zake zitalewesha watu.

Yonathani akaanza kumweleza kwa makini jinsi spiriti inavyoruka yote. Ruti akamvuta shati.

"Mwache dada anunue," alisema. "Wakilewa, watarudi kesho."