Fomu Isiyo na Mwisho

Ofisini walimwita Mama Fomu, na jina likamkaa. Miaka kumi na mmoja alikuwa karani wa watafiti wanaochunguza jinsi binadamu, mzima kabisa, anavyofikiri na kuamua. Alichapa maswali, akayatolea nakala, akayagawa, akahesabu majibu. Majirani wakimuuliza kama ni kweli anafanya kazi na vichaa, aliwajibu, "Ndiyo, saba, na wote wana digrii."

Utafiti wa mwaka ule ulikuwa na fomu za aina mbili. Kisa kilikuwa kilekile, neno kwa neno, ila moja ilieleza kilivyoisha na nyingine ilikatwa kabla ya mwisho. Waliojua mwisho waliandika, karibu wote, "Ilikuwa wazi tangu mwanzo." Wasiojua walikuna vichwa, huyu akasema hili, yule lile. Mama Fomu alikuwa akihesabu fomu hizo Jumanne asubuhi, kidole gumba kimelowa mate, alipomkumbuka dada yake. Akapoteza hesabu.

Dada yake mkubwa alikuwa fundi cherehani. Mchana mmoja, miaka mitatu nyuma, mama yao alimaliza kuanika nguo, akasema bega linamuuma, amechoka, aachwe alale kidogo. Dada akamwacha. Saa kumi alipokwenda kumwamsha, mama alikuwa ameshaondoka. Daktari alisema ni moyo. Tangu siku hiyo kila aliyekuja kupimwa nguo alisimuliwa jinsi dada alivyomuua mama kwa uzembe. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wa dada alikuwa amehamia na godoro lake, na Mama Fomu aliumia kumwona dada anavyokonda.

Akamwomba profesa aliyeongoza utafiti ruhusa ya kutunga fomu yake mwenyewe. Akaandika kisa cha mama bila jina na bila mwisho: ana miaka sitini na nane, hana historia ya ugonjwa, ametoka kufua, bega linauma, anaomba alale. Wewe ungefanya nini? Aliwapa watu arobaini, wakiwamo wauguzi wawili, dereva na wasusi wa mtaani.

Jumamosi akampelekea dada bahasha yenye fomu zilizojazwa.

"Nini hizi?"

"Soma tu, dada."

Dada alisoma pini zikiwa mdomoni. Ningemwacha apumzike. Ningemkanda bega, kisha alale. Muuguzi mmoja: ningempa maji, nimwache alale. Alipofika katikati ya rundo akazitoa zile pini.

"Huyu kasema angempeleka hospitali."

"Wako watatu. Sikuwaficha."

"Basi hao wana akili kunishinda."

"Mmoja ni profesa wangu. Yule hata ukimuuliza saa ngapi, anatafuta mtego kwanza."

Dada akacheka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. "Unanifariji kwa makaratasi, mdogo wangu? Hawa hawakumjua mama."

"Hawakumjua. Na wewe hukuujua mwisho."

Dada alizitazama karatasi, akanyoosha mkono. "Nipe moja tupu."

Aliisoma mpaka pale ilipokatika, akarudia tena. Mama Fomu alitamani kumsaidia, akajiuma ulimi. Kazi ilimfunza kwamba anayejibu haongozwi. Dada akaandika polepole, herufi kubwakubwa: *Ningemfunika shuka. Ningeacha cherehani, nishone kwa mkono, kelele zisimwamshe.*

Kalamu ikasimama.

"Ndivyo nilivyofanya," akasema. "Sketi tatu nzima, kwa mkono. Nilikuwa nimesahau."

Mama Fomu hakuwahi kulisikia hilo. Katika simulizi zote za miaka mitatu, shuka haikuwamo, wala sindano. Ulikuwamo uzembe tu. Akamkumbatia dada yake, wakamlilia mama yao, safari hii pamoja. Mteja aliyekuja kuchukua gauni lake akaambiwa arudi Jumatatu.