Baba Mkwe Aliomba Maji, Nikajifanya Sipo

Nilikosa, jamani. Msinitafutie kisingizio, nimeshajitafutia vya kutosha mwenyewe.

Mimi ni mke wa mtu, naishi Nzuguni. Ninaugua viungo: magoti yanavimba, kiuno kinakaza, kuvaa viatu asubuhi ni kazi. Dawa nameza, ila kilichonirudishia usingizi ni yoga ya taratibu niliyofundishwa kliniki. Unajinyoosha polepole, unapumua, hujilazimishi. Naifanya sebuleni kwa kusikiliza maelekezo ya simu, nimevaa suruali ya kubana, mlango nimefunga kwa ndani.

Kwa nini nifunge? Nimelelewa kwa mila za Kigogo! Baba mkwe humwangalii usoni, sembuse akukute umelala chali, miguu iko ukutani.

Siku hiyo, jua la saa nane, nilikuwa hivyo hivyo. Nikasikia, "Hodi humu!"

Mungu wangu, baba mkwe! Ametoka kijijini kwake Hombolo bila taarifa.

Khanga ilikuwa kwenye kiti, karibu tu. Lakini kwa kiuno changu kuinuka ni shughuli, na aibu ilishanishika. Nikajisemea, nikinyamaza ataondoka.

"Hodi, mwanangu."

Nikabana pumzi.

"Mwanangu, kama upo naomba hata maji. Kichwa kinanizunguka."

Simu iliyokuwa imenyamaza kati ya zoezi na zoezi ikapaza sauti: "Vuta pumzi. Achia taratibu." Nikaizima haraka!

Kisha nikasikia fimbo yake ikigonga changarawe, inaenda. Na jagi la maji lilikuwa mezani, limejaa!

Alianguka getini kwa jirani. Jirani ndiye aliyempa maji na kumkimbiza hospitali. Presha ilikuwa imepanda. Mimi nilipofungua nikakuta mfuko wa zabibu mlangoni, nikauficha jikoni. Mume wangu aliporudi nikamwambia nilikuwa sokoni.

Tulipofika hospitali akamuuliza baba yake, "Hukumkuta mama watoto?"

"Sikukuta mtu," mzee akasema, akageukia ukutani.

Nikashukuru! Hebu fikiria, nikashukuru!

Tukiwa njiani kurudi, mume wangu akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia aje. Mgongo umemmaliza kwa kulima zabibu. Nikamweleza wewe unajua mazoezi yasiyoumiza. Akasema, 'Nitaona aibu mbele ya mkwe, lakini nimechoka kuumwa. Nitaenda.'"

Nilitamani kushuka nitembee peke yangu. Yeye aibu yake aliishinda, akaja nayo mpaka mlangoni kwangu.

Mzee alitoka hospitali, yuko kwake, mgongo umezidi. Juzi mume wangu akampigia simu mbele yangu, kaweka spika, kumsihi aje tena. Mzee akajibu, "Muacheni mkwe wangu. Akiwa kwenye kupumua kwake si vizuri kumgongea."

Mume wangu akacheka. "Kajuaje mambo ya kupumua?"

Nikachukua ufagio, nikafagia mahali palipokuwa safi.

Wenzangu mnaoumwa kama mimi, fanyeni mazoezi, yanasaidia kweli. Lakini mtu akipiga hodi, jifungeni khanga mkafungue, hata kwa kutambaa! Aibu ya kukutwa chali inapita. Hii yangu nalala nayo, naamka nayo.

Leo nimemwambia mume wangu ukweli. Hajanisemesha mpaka sasa. Kesho naenda Hombolo na mkeka wangu, nitapiga hodi kwa mzee. Akinyamaza, sitakuwa na la kumlaumu.