Kebo ya Spidomita ya Valfrid

Gun-Britt, mwenyekiti wa chama chetu cha kumbukumbu za kijiji, amenipigia simu mara saba. Anataka niandike habari za marehemu Valfrid Stenvall, ziingie kwenye kitabu cha mwaka. Nilimwambia mimi nilisoma miaka sita tu, tena siku moja shuleni na siku moja zizini, na kalamu mkononi mwangu inakwenda kama ng'ombe juu ya barafu. Akasema, "Andika kama unavyosema, Alfhild." Nikiandika kama ninavyosema hawatayachapa. Chama kina walimu wastaafu wanne na kasisi mmoja, wote wenye mikono laini, lakini kazi anapewa kikongwe wa miaka themanini na nne ambaye kuni zake bado hazijapasuliwa.

Nimekubali kwa sababu moja. Gun-Britt alinisomea kwenye simu yale waliyokwisha kuandika wenyewe, kwamba Valfrid alikuwa "fundi wetu asiyeshindwa na gari lolote." Nilicheka mpaka paka akatoka jikoni. Basi kaeni chini.

Valfrid aliendesha lori la maziwa miaka thelathini. Hakuoa. Nyumba yake iko ng'ambo ya kinamasi, naiona kutoka dirisha langu la jikoni, na yeye aliiona yangu, kwa hiyo sote wawili tulijua nani amewasha jiko saa ngapi. Alivaa kofia ya masikio baridi na jua. Alikuwa na banda lenye vyuma, na kijiji kizima kilimpelekea magari yake, kwa sababu mji uko mbali na kwa sababu Valfrid hakuwahi hata siku moja kusema hajui. Ukimuuliza jambo alikohoa, akatazama msituni, akatoa jibu. Jibu likiwa bovu, halikuwa kosa lake, lilikuwa kosa la gari.

Huku kwetu wengi tunavuta pumzi badala ya kusema ndiyo, lakini Valfrid aliivuta kama mtu anayekunywa supu ya moto. Hiyo ilikuwa nusu ya mazungumzo yake. Nusu ya pili ilikuwa lami ya msonobari, ule utomvu mweusi unaochomwa kutoka kwenye mizizi. Baba yake aliichoma mwenyewe, na Valfrid alirithi mapipa mawili. Alipaka skii zake, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, akapaka mashua, akapaka viatu, akapaka sikio la mbwa lilipoanza kuoza, na jioni akadondosha tone moja kwenye sukari akalimeza kwa ajili ya kifua. Angekuwa na mke angempaka.

Sasa, mwaka wa tisini na moja. Mume wangu Edvin alikuwa amekufa miaka mitatu kabla, akaniachia nyumba, msitu kidogo, na gari la mwaka wa sabini na moja, refu nyuma, la kubebea magunia. Basi halipiti hapa. Bila gari huendi dukani, huendi kwa daktari, huendi kanisani, ingawa hilo la mwisho ningevumilia. Mwanangu Sten-Åke, anayekaa pwani kwenye ofisi yenye maua ya plastiki, alikuwa ameshaniandalia fleti mjini, chumba kimoja, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama maegesho.

"Mama, siku gari likikataa, unahama," alisema. "Tulikubaliana."

"Ulikubaliana na nani?"

"Mama."

Mwezi wa kwanza nikalipeleka gari kwenye ukaguzi. Breki nzuri, taa nzuri, sakafu haina kutu, kwa sababu Edvin alikuwa mtu wa kuosha. Lakini mshale wa mwendo ulilala kwenye sifuri kama umelewa. Mkaguzi akaandika kwenye karatasi: lirudi limetengenezwa ndani ya mwezi mmoja, ama ni marufuku kuliendesha. Sten-Åke alipiga simu jioni hiyohiyo, akaniuliza nataka mapazia ya rangi gani.

Nikamwita Valfrid. Alikuja, akanywa vikombe vitatu vya kahawa vyenye vipande vya jibini ndani, kama desturi yetu huku, akamaliza jibini yote. Kisha akaingia garini, akagonga kioo cha spidomita kwa ukucha, akakohoa, akatazama msituni.

"Sumaku imechoka," akasema.

"Sumaku inachokaje?"

"Humu ndani kuna sumaku inazunguka, inauvuta mshale. Imezunguka miaka ishirini. Wewe hungechoka?"

"Mimi nimezunguka miaka sabini na tatu na bado nakutengenezea kahawa."

Hakucheka. Akasema atatafuta spidomita nyingine kwenye makaburi ya magari. Ikapita wiki. Akaja na moja, akaifunga, akala jibini. Mshale ukalala. Akasema hiyo nayo imechoka. Ikapita wiki nyingine, akaja na ya pili, ya gari lililokuwa la mchungaji, kana kwamba hilo lingesaidia. Mshale ukalala. Hapo akaanza kulaumu. Kwanza matairi ya misumari, yale ya kushika barafu, kwamba yanatikisa. Kisha baridi. Kisha serikali, ambayo sijui ilifikaje kwenye dashibodi yangu. Mwishowe akamlaumu Edvin.

"Edvin alikuwa anaendesha polepole mno," akasema. "Mshale umezoea kukaa chini."

Nikamwonyesha mlango. Mtu aje anywe kahawa yangu, kisha amseme mume wangu aliye kaburini kwa sababu ya mshale. Zilikuwa zimebaki siku tano.

Asubuhi yake nilikaa peke yangu kwenye lile gari, ndani ya ghala, nikalitazama kama ninavyolitazama cherehani likigoma. Cherehani langu la kukanyaga limenishonea mashuka miaka hamsini, na kitu kimoja limenifundisha: sindano isipoinuka, usianze na sindano. Anza na mguu wako, halafu gurudumu, halafu mkanda, ufuate mpaka pale mwendo unapopotelea. Valfrid alikuwa ameanza na sindano, na wiki tatu nzima hakutoka kwenye sindano.

Kisha nikaona jambo ambalo hata mbwa wake angeliona. Chini ya mshale kuna zile nambari ndogo zinazohesabu umbali. Mwisho wake palikuwa na nane. Nilikumbuka hiyo nane, ilikuwapo siku niliyotoa mti wa Krismasi nje, katikati ya Januari, na tangu hapo nilikuwa nimekwenda mpaka mjini na kurudi. Nambari hazina mshale wala sumaku. Zinasukumwa na vigia vidogo, lakini zinazungushwa na kebo ileile inayozungusha sumaku. Kama mshale ungekufa peke yake, ubovu ungekuwa kwenye spidomita. Vikifa vyote viwili, spidomita haina kosa, mwendo haufiki. Nilikaa pale nikacheka peke yangu, kicheko kibaya, nikifikiria ile jibini yote.

Nikaingiza mkono nyuma ya dashibodi, nikafungua nati inayoshika kebo kwenye spidomita. Mkono wa mwanamke unapita pale, wa Valfrid haupiti, ndiyo maana yeye aling'oa nusu ya dashibodi kila mara. Nikakifunga kile kichwa cha kebo kwa uzi mwekundu wa sufu, mkia ukining'inia upande wa mlango. Nikaweka gia huru, nikaweka mawe mbele na nyuma ya matairi, nikapiga jeki gurudumu moja la nyuma, nikalizungusha kwa mikono mizunguko ishirini, maana magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoizungusha kebo kupitia giaboksi. Nikaenda kutazama. Uzi uliangalia mlango palepale nilipouacha. Nikarudi nikazungusha tena ishirini, maana mimi si Valfrid, napenda kuwa na hakika. Uzi haukusogea.

Basi nikaishika kebo kwa plaizi nikaivuta ndani ya ala yake. Kebo nzima ni ndefu kunishinda mimi. Iliyotoka ilikuwa urefu wa mkono, imekatika, ncha yake imechanuka kama ufagio, na ilikuwa nyeusi. Si weusi wa grisi. Nikainusa.

Nikaingia ndani nikapiga simu ng'ambo ya kinamasi.

"Valfrid, njoo unuse kitu."

"Kuna kahawa?"

"Hakuna."

Alikuja hata hivyo. Alisimama mlangoni mwa ghala na kofia yake, nikamwekea kile kipande mkononi. Akakitazama. Hakuhitaji kukipeleka puani, ghala lote lilikuwa linanuka skii zake.

"Vuli iliyopita nilikuambia kebo inalia," nikasema. "Ukasema utaipaka kitu."

Akatazama msituni, lakini mlango ulikuwa nyuma yake, kwa hiyo alitazama ukuta.

"Uliipaka lami, Valfrid?"

Akavuta pumzi, ile ya supu ya moto, lakini ndogo, ya kijiko kimoja.

"Lami haiingizi maji," akasema.

"Haiingizi maji, hapana. Na ikifika baridi ya thelathini chini ya sifuri inakuwa nini?"

"Inakaza."

"Inakaza. Kebo inataka kuzunguka, lami inaishika, kebo inakatika. Umeninyongea gari, wewe mzee, halafu ukamsema Edvin."

Alikaa juu ya ndoo. Ndipo nilipomwambia kuhusu fleti, ghorofa ya tatu, na mapazia. Sikuwa nimemwambia, hayakumhusu. Alisikiliza akiwa ameshika kile kipande cha kebo magotini.

"Dirisha linatazama nini?" akauliza.

"Maegesho."

Tukapiga simu kwenye duka la vipuri mjini. Kebo ya gari la zamani hivyo inaagizwa, wakasema, wiki sita. Za makaburi ya magari, akasema Valfrid, zimeliwa na kutu zote, na siku zilizobaki ni nne. Valfrid akainuka akaondoka bila kuaga, nikafikiri, haya, amekwenda kumeza sukari yake.

Alirudi baada ya saa mbili na kebo nzima imezungushwa begani kama kamba ya kuvulia. Gari lake lilikuwa ndugu wa langu, mwaka uleule, la bluu, alilifunika turubai na kulifuta kwa kitambaa cha flana. Alikuwa ameitoa humo.

"Na wewe ukaguzi wako lini?" nikauliza.

"Sina haraka."

"Hii nayo umeipaka lami?"

"Gari langu?" akasema, kama nimemtukana. "Silipaki lami gari langu."

Mtasoma hapo mara mbili, enyi mnaomwita asiyeshindwa.

Akalala chini ya gari juu ya gunia, akafungua ala ya zamani kwenye giaboksi, nikasimama juu yake nikimsimamia. Nilimlazimisha kuiviringisha ile kebo kwanza juu ya meza ya jikoni, tuone kama inaruka popote, maana kebo yenye kikunjo huutikisa mshale. Haikuruka. Nikaipaka grisi mwenyewe, kidogo, sehemu ya chini tu, ya juu nikaiacha kavu, isije grisi ikapanda mpaka ndani ya spidomita. Nikamzuia pia asiipinde kwa nguvu nyuma ya dashibodi. Alisema anajua. Tukairudisha spidomita yangu ya kwanza, ile iliyochoka. Nikafunga uzi mwekundu kwenye gurudumu la nyuma kwa bahati, nikaendesha mpaka darajani. Mshale ukapanda hadi sabini ukasimama pale, hautetemeki. Nane ikawa tisa.

Siku ya mwisho mkaguzi aliliendesha dakika tano, akarudi. "Fundi wako ni nani, bibi?" akauliza. Nikamwambia cherehani. Sten-Åke aliposikia akasema mapazia ameshanunua. Nikamwambia ayatundike kwake.

Sasa sikilizeni yaliyobaki, ambayo kijiji kizima hakikuyajua. Duka la ushirika lilijaa habari za jinsi Valfrid alivyotengeneza spidomita ya Alfhild, na habari hizo zilitoka kwa Valfrid. Sikusema neno. Majira ya machipuko gari lake la bluu lilikataliwa kwenye ukaguzi. Akalifunika turubai, akaanza kwenda dukani kwa baiskeli, na baridi ilipofika kwa ile sleji ya kusukuma kwa mguu juu ya theluji, kilomita sita kwenda na sita kurudi. Aliwaambieni daktari amemwamuru kwa ajili ya moyo, nanyi mkaamini, mkamsifu kwa afya. Miaka kumi na moja.

Kebo mpya niliyoagiza ilifika baada ya wiki sita, kama walivyosema. Nilimpelekea. Akaipima kwa jicho.

"Fupi," akasema.

"Si fupi."

"Mimi nimefunga kebo kabla hujajua kuendesha. Ni fupi."

Hakutaka kuipokea, na mimi sikumbembeleza. Nikaitundika kwenye msumari kando ya mlango wangu wa jikoni, na kila alipokuja kunywa kahawa alikaa chini yake, hakuitazama hata mara moja. Nilimwambia siku za dukani apande nami. Alivuta pumzi, kisha asubuhi nikaiona sleji yake barabarani, imetangulia. Majira ya baridi yaliyopita sleji haikuonekana kwa siku mbili, moshi haukutoka nyumbani kwake, nikavuka kinamasi kwa miguu. Mengine mnayajua, mlikuja kwenye maziko mkala keki.

Alikuwa mbishi, mwongo wa dukani, na mlaji wa jibini za watu. Aliniharibia gari. Nyumba hii ninamoandikia bado ina mimi ndani.

Gun-Britt anasema gari la bluu litasukumwa mpaka uwanjani sikukuu ya katikati ya kiangazi, livikwe majani, watu wapige picha. Kusukumwa, anasema, gari ambalo halikukosa kitu ila kebo. Basi wewe unayesoma hapa, wewe mwenye mgongo mzima, njoo kwangu kabla ya sikukuu. Kebo iko kwenye msumari, kando ya mlango wa jikoni. Chukua, ukaifunge kwenye gari lake, anza na giaboksi, grisi chini tu, usiipinde, na liende uwanjani lenyewe na mshale umesimama. Utaona kama ni fupi. Na atakayekuja na kopo la lami nitamrudisha kwa ufagio.