Kitabu Kilichotufanya Tuwacheke Wanaokimbia

"Huyu anayekimbia hivi, nyuma yake kuna nini?" Bibi aliniuliza kuhusu mtu aliyechorwa kitabuni, na kitabu chenyewe hakikuwa na jibu.

Kilikuwa kitabu cha historia cha watoto, kilicholetwa shuleni kwetu karibu na Kebirigo, katika nchi ya Wagusii, miaka ya sitini. Waliokitunga waliamini kwamba mtoto wa Kiafrika hashiki jambo mpaka achekeshwe. Basi siku Wazungu walipokuja na bunduki kuteka ng'ombe wetu ilichorwa kama mchezo: wapiganaji wa Kigusii wanatimua mbio, macho yamewatoka, makalio wazi. Mwalimu, Mgusii mwenzetu, alicheka mpaka akashikilia meza. Nasi tukacheka, maana asiyecheka alihesabiwa mjinga.

Kwetu mjukuu na bibi hutaniana bila mipaka, hata kuhusu kifo. Kwa hiyo nilimpelekea ule mchoro jikoni, nikitarajia anijibu kwa utani mkali zaidi.

"Tazama, magokoro, waume zako hawa!" nilimwambia, nikimwita bibi kwa Kigusii.

Ndipo akaniuliza lile swali. Kisha alifunga kitabu akaendelea kupepeta wimbi. Tangu siku hiyo hakunitania tena, nami nikadhani ni uzee.

Chuo kikuu nilisomeshwa nadharia tele kuhusu ucheshi na watoto; hakuna hata moja iliyojali nani anachekwa. Kwenye matanga ya Bibi ndipo shangazi aliponieleza: siku ile ya ng'ombe baba yake Bibi alipigwa risasi mgongoni akikimbia, huku amemkumbatia Bibi, ambaye alikuwa bado hajui kutembea.